Rais aliyeapishwa mara mbili

Tarehe 4 Aprili 1996 Mathieu Kérékou alikula kiapo cha urais wa Benin. Kiapo cha nchi ile kina mpangilio wake: anatajwa Mungu, inatajwa mizimu ya mababu, kisha taifa na wananchi. Kérékou, ambaye kufikia wakati huo alikuwa ameokoka, alimtaja Mungu, akairuka mizimu, akaendelea mpaka mwisho. Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba kiapo kilichopunguzwa si kiapo. Tarehe 6 Aprili rais akasimama tena, akaapa upya, mababu wakiwa mahali pao.

Wapo watakaocheka na kufungua ukurasa mwingine. Mimi kisa hiki kimenikaa kichwani kwa miaka, kwa sababu ya mtu mwenyewe. Kérékou huyu ndiye mwanajeshi aliyetwaa nchi kwa mtutu wa bunduki tarehe 26 Oktoba 1972. Ndiye aliyetangaza mwaka 1974 kwamba Benin, ambayo bado ilikuwa ikiitwa Dahomey, itafuata Umaksi-Ulenini, yaani ukomunisti wa Marx na Lenin. Ndiye ambaye serikali yake iliwatia misukosuko waganga na watu wa mila kwa jina la kupiga vita ushirikina, na ikazitaifisha shule za misheni. Leo mtu huyo huyo anaambiwa arudi akawataje mababu, na anayemwambia hivyo ni mahakama isiyo na kikosi hata kimoja, iliyokuwa chini ya mwanamke, Elisabeth Pognon. Na yeye anarudi.

Inakuwaje mtawala wa namna hiyo akafika mahali pa kutii?

Ukizungumzia mwisho wa ukomunisti, watu wanawaza Ulaya. Wanawaza Ukuta wa Berlin, Prague, na Warsaw nchini Poland, ambako serikali ya chama cha kikomunisti na vuguvugu la wafanyakazi la Solidarność walikaa kwenye meza ya duara kuanzia Februari hadi Aprili 1989. Tumezoea kuhadithiwa kwamba upepo ulitoka huko ukaja kwetu. Mimi pia niliamini hivyo, mpaka nilipokaa kozini Arusha na Mbenini mmoja, mtu wa maneno machache, ambaye baba yake alikuwa mwalimu wa sekondari miaka ile ya themanini. Nilimwuliza kama nyumbani kwao walifurahia kuanguka kwa Ukuta. Akaniangalia kidogo, kisha akasema kwao walikuwa wanangoja mshahara.

Jibu lile ndilo lililonipeleka kwenye vitabu.

Umaksi wa Benin haukuwa wa kina kama wa Ulaya ya Mashariki. Kulikuwa na chama kimoja, PRPB, kulikuwa na nyota nyekundu kwenye bendera mpya ya kijani, na kuanzia Novemba 1975 nchi iliitwa Jamhuri ya Watu wa Benin. Watu wenyewe walikuwa wakitania kwamba itikadi yao ni ulegevu-Ubenini, maneno ambayo kwa Kifaransa yana vina sawasawa na Umaksi-Ulenini. Lakini utani usitufanye tusahau gereza la Ségbana kule kaskazini, walikofungwa wapinzani wa kisiasa, na mateso waliyoyapata. Halafu kuna kioja ambacho sijakiona kwingine: chama cha siri kilichousumbua utawala ule wa Kimaksi kuliko vyote kilikuwa Chama cha Kikomunisti cha Dahomey. Wakomunisti wa kweli walikuwa msituni, kwa maana ya kisiasa, wakiwaita wale wa ikulu matapeli.

Kilichouangusha utawala ni hazina tupu. Benki tatu za serikali zilifilisika kwenye miaka ya 1988 na 1989, pesa zake zikiwa zimekopwa na wakubwa na jamaa zao. Mfanyabiashara mdogo wa soko la Dantokpa aliyeweka akiba yake humo alikuta kaunta imefungwa. Watumishi wa umma walikaa miezi bila mshahara. Walimu wakagoma, wanafunzi wa chuo kikuu wakagoma, kisha na watumishi wengine. Mwezi Juni 1989 serikali ya Kimaksi ilisaini masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, jambo ambalo hata mwanachama mtiifu angepata shida kulieleza kwenye tawi lake. Wafadhili, Ufaransa ikiwa mbele, hawakutaka kuendelea kujaza pengo bila mabadiliko. Tarehe 7 Desemba 1989 ilitangazwa kwamba Umaksi-Ulenini si itikadi ya taifa tena, na kwamba utaitishwa mkutano wa nguvu zote hai za nchi.

Hapa naomba tuangalie tarehe. Hotuba ya Rais Mitterrand wa Ufaransa pale La Baule, ile ambayo wengi huitaja kuwa ndiyo iliyoleta vyama vingi katika Afrika inayosema Kifaransa, ilitolewa Juni 1990. Mkutano ule wa Benin, uliofanyika katika mji wa Cotonou, ulikuwa umekwisha miezi minne kabla.

Mkutano wenyewe ulifanyika kuanzia tarehe 19 hadi 28 Februari 1990 katika hoteli ya PLM Alédjo, ufukweni mwa bahari. Maandalizi yaliongozwa na Robert Dossou, mwanasheria wa chuo kikuu aliyekuwa ameingizwa serikalini. Walikuja wajumbe karibu mia tano: vyama vilivyoota usiku mmoja, vyama vya wafanyakazi, walimu, wakulima, makanisa, Waislamu, wazee wa mila, wanajeshi, Wabenini waishio ng'ambo. Walikuja pia marais watatu wa zamani waliopinduliwa kwa nyakati tofauti, Hubert Maga, Justin Ahomadégbé na Émile Derlin Zinsou. Wakomunisti wa kweli walikataa kuja. Walisema ni mchezo wa kumwokoa Kérékou, na nitarudi kwenye shutuma yao kwa sababu haikuwa ya kijinga.

Aliyechaguliwa kukalia kiti alikuwa Isidore de Souza, askofu wa Kanisa Katoliki. Alikuwa na sifa moja ambayo haikuwa ya mtu mwingine yeyote mle ukumbini: hakuna aliyemhofia kwamba anautaka urais.

Kérékou aliuitisha mkutano akitarajia ushauri. Alitaka wataalamu na wazee wamwambie namna ya kutoka kwenye shimo la uchumi, kisha yeye aamue. Wajumbe walipokaa, swali la kwanza likawa lile lile linaloua vikao vingi vya Kiafrika: tunayoyasema hapa yana nguvu gani? Tarehe 25 Februari wakapiga kura na kujitangaza kuwa mkutano wenye mamlaka kamili, maamuzi yake yakiwa juu ya katiba iliyokuwepo. Wapo walioyaita mapinduzi ya kiraia, na kwa kweli neno hilo linafaa. Ukumbini mlikuwa na maofisa wa jeshi waliokasirika, na nje kulikuwa na kambi zenye silaha. Siku zile tatu kutoka tarehe 25 hadi 28 ndizo ambazo nchi ingeweza kwenda upande wowote.

De Souza alizitumia kwenda na kurudi kati ya hoteli na rais. Radio ilikuwa ikirusha majadiliano, kwa hiyo taksi za Cotonou zilikuwa zikisikiliza mtawala wao akitajwa kwa jina na makosa yake yakihesabiwa. Tarehe 28 Kérékou alikuja ukumbini na kukubali maamuzi yote. Jeshi likabaki kambini.

Alipata nini? Haya ndiyo masuala ambayo hadithi za kupendeza za demokrasia huyapita haraka. Alibaki kuwa rais kwa mwaka mzima wa mpito, ingawa madaraka mengi yalihamia kwa waziri mkuu Nicéphore Soglo, aliyechaguliwa na mkutano wenyewe, na kwa Baraza Kuu la Jamhuri chini ya de Souza. Aliruhusiwa kugombea. Alipogombea Machi 1991 akashindwa, Soglo akipata zaidi ya theluthi mbili ya kura, alipewa kinga ya kutoshtakiwa kwa yaliyotendeka katika utawala wake. Akabaki Cotonou, nyumbani kwake, akinyamaza. Hakukimbilia nchi ya mtu.

Waliofungwa Ségbana hawakuona watesi wao wakifikishwa mahakamani. Shutuma ya wakomunisti inaangukia hapa, na sioni namna ya kuikwepa: amani ile ilinunuliwa, na sehemu ya bei ililipwa na watu ambao hawakuulizwa. Wapolandi walifanya biashara inayofanana. Walikubali asilimia 65 ya viti vya bunge vitengwe kwa chama na washirika wake, wakapata baraza la seneti lenye uchaguzi huru, na mwezi Juni 1989 Solidarność ikachukua viti 99 kati ya 100 vya seneti. Hata baada ya ushindi huo, mwezi Julai waliacha Jenerali Jaruzelski, mtu aliyewawekea utawala wa kijeshi mwaka 1981, awe rais. Alipita kwa tofauti ya kura moja, na alipita kwa sababu baadhi ya wapinzani wake waliharibu kura zao kwa makusudi au hawakuingia ukumbini. Mwezi uliofuata Tadeusz Mazowiecki akawa waziri mkuu. Poland bado wanagombana juu ya mapatano yale, na wapo wanaoyaita usaliti.

Mimi nasimama upande wa walionunua. Nasema hivyo nikijua kwamba sikufungwa Ségbana. Ila atakayesema bei ilikuwa kubwa mno namwomba aangalie Brazzaville.

Kongo-Brazzaville nayo ilikuwa jamhuri ya watu, ya Kimaksi, tena kuanzia mwisho wa 1969, mapema kuliko Benin. Nao waliiga Cotonou: mkutano wa taifa kuanzia Februari hadi Juni 1991, ukaongozwa na askofu, Ernest Kombo, ukajitangaza kuwa na mamlaka kamili. Nako mtawala alivuliwa madaraka, nako alishindwa uchaguzi. Mtawala huyo, Denis Sassou Nguesso, alikuwa wa tatu mwaka 1992. Mpaka hapo ni picha ya Cotonou iliyotolewa nakala. Lakini wanasiasa wakubwa watatu walikwenda kila mmoja akajenga wanamgambo wake, Cobra, Ninja na Cocoye. Mwaka 1993 wakapigana. Mwaka 1997 wakapigana vita kamili vilivyobomoa mji mkuu, na Sassou akarudi ikulu kwa msaada wa jeshi la Angola. Huko Zaire ya Mobutu, ambayo haikuwa ya Kimaksi, mkutano wa taifa ulianza Agosti 1991, na baadaye ukaongozwa na Askofu Mkuu Monsengwo. Ulikuwa na wajumbe zaidi ya elfu mbili, na watu wa Bukavu na Lubumbashi waliufuatilia kwa matumaini makubwa. Mobutu aliuchosha kwa hila hadi ukafa bila kuondoa chochote.

Kwa hiyo ukumbi, askofu na tamko la mamlaka havitoshi. Wabenini walifanya nini zaidi?

Walifanya haraka na walifunga mlango nyuma yao. Katiba mpya ilipigiwa kura ya maoni tarehe 2 Desemba 1990, miezi tisa tu baada ya mkutano. Rais mihula miwili, basi. Mgombea awe na umri usiopungua miaka 40 na usiozidi 70. Kile kikomo cha juu kilikuwa na walengwa: marais watatu wa zamani, wote wamepita sabini, waliokaa mle mle ukumbini wakiheshimiwa. Waliheshimiwa na wakaondolewa kwa pamoja, jambo ambalo kwetu tunaopenda kuzungumzia hekima ya wazee linastahili kufikiriwa. Katiba ikaongeza kwamba mtawala akiingia kwa mapinduzi, kumkaidi ni wajibu wa kila Mbenini.

Na kuna kifungu ambacho nadhani ndicho kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote, ingawa hakina mvuto wa kupigiwa vigelegele. Mwananchi yeyote wa Benin aliweza kuiandikia Mahakama ya Katiba moja kwa moja. Hakuhitaji chama wala mbunge. Fundi cherehani wa Porto-Novo angeweza kulalamika kwamba amri ya rais inavunja katiba, na mahakama ikawajibika kumjibu. Wakaandika. Waliandika juu ya polisi waliowapiga, juu ya sheria za bunge, juu ya mambo makubwa na madogo. Kila hukumu iliyotiiwa iliwazoesha wakubwa kutii inayofuata, na mwaka 1996 ilipofika zamu ya kiapo cha Kérékou, mazoea yalikuwa yamekwishaanza.

Alirudije ikulu, kwanza? Kwa kura. Soglo alikuwa mtu wa Benki ya Dunia, hodari wa hesabu, mgumu kwa watu. Mishahara ilianza kulipwa, lakini Januari 1994 faranga ya CFA ilishushwa thamani kwa nusu na maisha yakapanda. Mwaka 1996 wapiga kura wakamrudisha yule yule waliyemtoa. Soglo alilalamika, mahakama ikathibitisha matokeo, akaondoka. Wapo waliosema huo ulikuwa ushahidi kwamba Waafrika hawajui kutumia kura. Naona ni kinyume kabisa, maana kinga na nafasi ya kugombea alizopewa Kérékou mwaka 1991 zilimfundisha kwamba mtu anaweza kupoteza ikulu akabaki na uhai wake na siasa yake, na Soglo naye alilijua hilo kwa sababu aliliona kwa mpinzani wake. Mwaka 2006 muhula wa Kérékou ukaisha, yeye na Soglo wote wamepita miaka 70. Baadhi ya watu wake walitamani katiba ibadilishwe. Raia wakaanzisha kampeni ya kuitetea isiguswe, mmoja wa viongozi wake akiwa mwanamke kijana, Reckya Madougou. Mzee akaondoka.

Mwaka huo huo wabunge walijaribu kujiongezea muda kutoka miaka minne hadi mitano. Walifuata utaratibu wote, kura zikatosha. Tarehe 8 Julai 2006 Mahakama ya Katiba ikayatupilia mbali mabadiliko hayo, hoja yake ikiwa kwamba yanakiuka maafikiano ya kitaifa ya Februari 1990. Siku kumi za hotelini zilikuwa zimegeuka kipimo cha sheria. Wanasheria wengine walikasirika, na kuna haki katika hasira yao, kwa sababu maafikiano hayana vifungu unavyoweza kuvisoma.

Sasa nyumbani. Tanzania haikuwa ya kikomunisti, na anayeichanganya Ujamaa na Umaksi wa Kérékou hajausoma hata mmoja. Lakini tulikuwa na chama kimoja, na mabadiliko ya Ulaya ya Mashariki yalitingisha meza zetu. Mwalimu Nyerere mwenyewe alianza mwaka 1990 kusema hadharani kwamba chama kimoja kisiwe amri ya Mungu. Februari 1991 Rais Mwinyi aliunda Tume ya Jaji Nyalali. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, chama tawala kikakubali, na sheria ikaanza kutumika Julai 1992.

Tukajisifu kwamba hatukumwaga damu, na ni kweli, nami sidharau. Ila hatukuwahi kukaa mezani. Waliokuwa madarakani ndio waliotoa, kwa kipimo walichokitaka. Tume ya Nyalali iliorodhesha sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa ili ziendane na vyama vingi, na nyingi zilibaki vitabuni kwa miaka mingi baadaye. Katiba ikabaki ile ya 1977, ya wakati wa chama kimoja, ikiwekewa viraka. Mchakato wa kuandika mpya ulianza 2011, ukapata rasimu ya Jaji Warioba, ukapata Katiba Inayopendekezwa ya 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika. Mtu akiniuliza tofauti yetu na Benin, namwambia wao walikuwa na hazina tupu na mtawala aliyeishiwa ujanja. Sisi chama kilikuwa bado na nguvu, na mwenye nguvu haoni haraka ya kununua amani.

Rafiki yangu wa Arusha hakupenda nilivyokuwa nikiisifia nchi yake. Alikuwa na sababu. Patrice Talon, tajiri wa pamba, aliingia madarakani 2016. Mwaka 2019 vyama vilivyoruhusiwa kugombea ubunge vilikuwa viwili tu, vyote vya upande wa rais. Wapiga kura wengi wakabaki nyumbani, intaneti ikazimwa siku ya uchaguzi, watu wakauawa kwenye maandamano. Mwaka mmoja kabla, Mahakama ya Katiba ilikuwa imepata rais mpya aliyekuwa mwanasheria binafsi wa Talon na waziri wake wa sheria. Desemba 2021 Reckya Madougou, yule yule wa kampeni ya kutoigusa katiba, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 baada ya kujaribu kugombea urais.

Wabenini waliokuwa wamezoea kuandika barua zao Cotonou walianza kuzipeleka Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kilomita chache kutoka mahali tulipokuwa tumekaa na chai yetu. Nchi yao ilikuwa imeruhusu raia wake kuishitaki huko moja kwa moja, na yetu ilikuwa imeruhusu pia. Tanzania, mwenyeji wa mahakama hiyo, ilijitoa kwenye ruhusa hiyo Novemba 2019. Machi 2020, wiki chache kabla ya mahakama kuiamuru isimamishe uchaguzi wa serikali za mitaa, Benin ikajitoa.